Kwa Mkwe Wangu, Namba Tisa

Adams Arcade, Nairobi
3 Machi 2025

Kwa Baba Kanyiva,

KUH: KOTI NA MAMBO MENGINE

Salamu katika jina la Bwana. Koti ulilonitumia limefika. Ndanu aliniletea jana baada ya ibada, akanivalisha palepale nje ya kanisa mbele ya akina mama wote, nikatoka jasho mpaka mgongoni, maana jua la Machi hapa Nairobi unalijua. Asante sana. Limenikaa vizuri mabegani na mikono haikuzidi.

Ndanu alitaka nikupigie simu nishukuru. Nikamwambia, we binti, umekulia tao, hapa mjini, mpaka ukasahau ulikotoka? Mama mkwe wa Kikamba hapigi soga na mume wa binti yake. Tangu mlipooana miaka sita iliyopita mimi na wewe tumekutana mara nne, na mara zote nne mimi nimegeukia ukuta na wewe umetazama viatu vyako. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe, na siivunji kwa ajili ya koti. Lakini nilimuuliza dada yangu mkubwa kule Kitui kuhusu barua. Alifikiri siku mbili, akasema karatasi haina macho. Basi nakuandikia.

Sasa hayo mambo mengine. Jirani yangu wa duka, Dedan, yule fundi wa simu, hunifungulia mechi zenu kwenye kompyuta yake kila Jumamosi. Nimezitazama zote tangu Oktoba. Ndanu anadhani nafunga duka niende mazoezi ya kwaya. Umecheza mechi tisa bila goli. Juzi Dedan aliniambia, "Mathe, huyu msee wako ameisha." Nikamwambia anyamaze, na kama hataki basi aondoe kiti chake nitazame nikiwa nimesimama.

Hukuambiwa, lakini kabla sijastaafu na kufungua duka hili la fotokopi, nilipiga chapa wizarani miaka thelathini na mmoja, na kumi na mmoja kati ya hiyo nilikuwa mfungaji wa timu yetu ya netiboli. Tulizichapa wizara zote. Kwa hiyo nikikuuliza swali, usidhani ni mama mzee anayetafuta la kusema. Mbona unapiga kila mpira kwa mguu wa kushoto, hata ule uliokujia kulia?

Wako kwa heshima,
Mama Ndanu

*

Poland
19 Machi 2025

Kwa Mama Mkwe,

KUH: KUJIBU BARUA YAKO

Shikamoo Mama. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, sijui kwa nini. Mchezaji mwenzangu wa chumba aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni mama mkwe ameandika, akasema kwao hiyo ni mbaya zaidi.

Nisamehe Kiswahili changu, ni cha Kawangware, hakijawahi kuandikia mtu mzima. Nimefurahi koti limekutosha. Nilimwonyesha muuzaji kwa mikono upana wa mabega yako, kisha nikaona aibu, maana nitasemaje nimekutazama?

Mama, kumbe unaona mechi zetu! Sasa nitachezaje? Zamani nilikuwa nikiingia uwanjani nawaza beki tu. Jumamosi hii niliwaza beki, kipa, na wewe kwenye kiti cha Dedan.

Mguu uko sawa kabisa. Ni njumu mpya zinabana kidogo upande wa kulia, zikilainika nitaanza kuutumia. Magoli ni upepo, huja na kupotea. Kocha ananiamini, huku tunakula vizuri, theluji imeanza kuyeyuka, na mji huu ni mdogo kiasi kwamba muuza mikate ananiita "Namba Tisa". Mkataba wangu unaisha Juni lakini hilo si la kukupa wasiwasi. Ndanu na Kanyiva watakuja Agosti kama tulivyopanga.

Naomba tu usimtajie Ndanu habari za mguu. Atakosa usingizi bure.

Mkweo,
Baba Kanyiva

*

Adams Arcade
2 Aprili 2025

Kwa Baba Kanyiva,

KUH: NJUMU

Nimepokea. Njumu gani hizo zinabana tangu Oktoba? Mimi nimezaa wanne na nimefanya kazi chini ya makatibu wakuu saba. Uongo naujua hata ukija umevaa tai.

Lakini sikuandika ili nikugombeze. Kuna jambo. Ndanu alikuja hapa dukani Ijumaa, akaketi kwenye benchi ya wateja, akanipa karatasi aliyoandika kwa mkono. Ni barua ya kujiuzulu kazi. Anataka niipige chapa mimi, maana barua zote kubwa za familia hii zimetoka kwenye vidole hivi: ya kwanza ya baba yake kuomba kazi, ya shule, hata ile ya kuwajibu wazee wenu mlipokuja kuposa. Anasema akiipeleka iliyotoka kwingine haitakuwa na baraka. Ataiwasilisha tarehe 30 Mei, atumikie notisi, halafu Agosti apande ndege na mtoto.

Baba Kanyiva, hiyo ni kazi ya serikali, ya kudumu, yenye pensheni. Ndanu alingoja miaka mitatu kuipata. Ukiiacha leo, kesho kuna watu mia wamekalia kiti chako. Sisemi asiende kwa mumewe, mke ni wa mumewe. Nauliza swali moja na nataka jibu la neno moja. Una mkataba wa mwaka ujao, au huna?

Nimemwambia printa imeishiwa wino.

Mama Ndanu

*

Poland
16 Aprili 2025

Kwa Mama,

KUH: NENO MOJA

Sina.

Nimeandika neno hilo nikaacha kalamu nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Sasa nimerudi.

Ni kifundo cha kulia. Kiliumia Septemba mazoezini na sikumwambia mtu. Straika mwenye miaka thelathini na mbili akisema anaumwa, Mama, kesho yake wanaleta kijana wa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo nafunga bandeji mwenyewe chooni kabla ya mechi, nameza dawa mbili, natabasamu. Januari mkurugenzi wa timu aliniita akasema bila goli hakuna mkataba mpya. Akanipa kahawa na biskuti juu yake. Biskuti ilikuwa nzuri, hilo ndilo lilinikasirisha.

Kila nikimpigia Ndanu nataka kumwambia. Halafu ananionyesha sweta ndogo aliyomnunulia Kanyiva pale soko la Toi, au Kanyiva mwenyewe anakuja anasema "dobry, Baba", salamu ya huku, kwa sababu nilimfundisha, na mdomo wangu unajifunga. Nilidhani nitafunga goli mbili tatu, mambo yatanyooka, na hatajua kulikuwa na shida. Mechi kumi na nne sasa.

Nikikwambia ukweli wote, naogopa pia kurudi. Nimekuwa huku miaka tisa. Najua vile watu hukutazama ukirudi mapema. Wananunua soda, wanakaa na wewe, halafu wanakuuliza, "Sasa utafanya nini?"

Wewe ulikuwa mfungaji. Ulipokosa mara nyingi ulifanyaje? Nauliza kweli. Huku hakuna mtu ninayeweza kumuuliza, maana ukiuliza tu washajua.

Baba Kanyiva

*

Adams Arcade
30 Aprili 2025

Kwa Baba Kanyiva,

KUH: DHAMBI YANGU, NA MPIRA

Asante kwa neno moja. Nami nitakupa la kwangu, ni refu kidogo.

Nilipokuona unachechemea kwa mara ya kwanza, mechi ya Novemba ile yenye ukungu, nilifurahi. Nimeandika hivyo na sifuti. Nilijisemea, huyu asipofunga hawatamwongeza, asipoongezwa binti yangu haendi popote, na Kanyiva ataendelea kuja dukani kila Ijumaa kugonga muhuri kwenye karatasi zangu zilizoharibika. Wanangu wengine watatu wametawanyika, mmoja Mombasa, mmoja Eldoret, mmoja hata sijui yuko wapi wiki hii. Nimebaki na Ndanu. Kwa hiyo mimi, mwimbaji wa kanisa, niliketi kwenye kiti cha Dedan nikamwomba Mungu ukose. Ukakosa. Jumamosi iliyofuata nikaomba tena, ukakosa tena. Ndipo nikaogopa.

Nimeacha. Nimeacha tangu Februari, na hiyo ndiyo sababu hasa nilikuandikia. Koti lilikuwa kisingizio. Nisamehe, mwanangu.

Sasa mpira. Kwenye netiboli mfungaji akishika mpira haruhusiwi kutembea. Umesimama, beki ameinua mikono mbele ya uso wako, watu wa wizara nzima wanakutazama. Mwaka wa themanini na tisa nilikosa robo tatu ya mchezo mzima, mpaka mkuu wetu wa idara akaondoka akarudi ofisini. Kosa langu lilikuwa kwamba nikikosa moja nilikuwa najificha. Najifanya kukimbia lakini naenda mahali mpira hauwezi kufika. Kocha wetu, Bi Muchiri, mama mnene asiyecheka, akaniambia: ukikosa, uitishe mpira tena haraka, kabla mikono haijapata habari. Nikaanza kuitisha. Nikikosa, napiga kelele "Nipe!" hata kabla ya kujua naupeleka wapi. Tulishinda.

Nimekutazama. Ukikosa unakwenda pembeni, unajificha nyuma ya beki wao mrefu, dakika kumi nzima hakuna anayekuona. Acha kujificha. Na mguu ukiwa mbovu utumie hivyo hivyo, maana mabeki wote wa Poland washajua utaenda kushoto. Hata Dedan anajua.

La mwisho, na hili si ombi. Mwambie mkeo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nakupa mpaka Ijumaa tarehe 23 Mei. Ikipita nitamwambia mimi, na itakuwa vibaya kwako na kwangu. Siwezi kuendelea na habari ya wino. Jana Ndanu alininunulia wino mpya, akauleta mpaka dukani na risiti, akanibusu shavuni. Nimeuficha chini ya katoni ya bahasha. Kila nikiinama kuchukua bahasha nauona.

Mama Ndanu

*

Poland
20 Mei 2025

Kwa Mama,

KUH: NIPE!

Barua yako ilichelewa, imefika Alhamisi. Nimeisoma mara tatu, ile sehemu ya maombi mara nne. Mwanzoni nilikasirika. Nikatembea mpaka mtoni nikirudia peke yangu, "Ati aliomba nikose!" Halafu nikaanza kucheka, watu wakanipisha njia. Mama, mechi tisa nilidhani ni kifundo, kumbe nilikuwa nacheza dhidi ya mabeki wanne, kipa, na kanisa zima. Nimekusamehe kabla sijarudi nyumbani. Nami nilikuwa namchukua binti yako bila kukuuliza kama umejiandaa, kwa hiyo tuko sare.

Jumamosi uliona mwenyewe, lakini acha nikusimulie vile ilikuwa kutoka ndani. Dakika ya hamsini na nane nilikosa kichwa ambacho hata Kanyiva angefunga. Uwanja ukaguna. Miguu ikaanza kunipeleka kwa yule beki wao mrefu nikajifiche, nayo inajua njia. Nikakumbuka Bi Muchiri asiyecheka. Nikamkimbilia winga wetu nikampigia kelele kwa Kiswahili, "Nipe! Nipe sasa hivi!" Hajui Kiswahili hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaongea, akanipa. Ulikuja kulia. Sikuwaza. Niliupiga kwa mguu mbovu, haukukaa kwenye buti, uligonga ugoko, ukadunda mara mbili, kipa akalala upande mwingine. Goli baya kuliko yote niliyofunga maishani. Nililia kidogo, nikasingizia jasho.

Jana saa saba mchana nilimpigia Ndanu, nikijua ametoka kula. Alikuwa ameketi nje ya ofisi pale tao, nasikia wachuuzi nyuma yake. Nikamwambia yote: Septemba, bandeji, mkurugenzi, Januari. Goli nililitaja mwisho kabisa, lisije likaonekana kama rushwa. Ndanu akauliza jambo moja tu, "Nani mwingine anajua?"

Mama, nisamehe. Sikuwa na nguvu ya uongo mwingine. Nimemwambia ni wewe.

Akakata simu. Mpaka naandika hii hajashika.

Baba Kanyiva

*

Adams Arcade
28 Mei 2025

Kwa Baba Kanyiva,

KUH: MGENI WA JUMATATU

Goli nililiona. Niliruka nikaangusha soda ya Dedan juu ya simu ya mteja, tukashinda siku nzima tukiianika kwenye mchele. Sitaki kusikia kwamba ni baya. Goli ni goli.

Sasa nikwambie yaliyofuata, maana Ndanu hatakwambia vile ilivyokuwa. Alikuja Jumatatu hiyohiyo jioni, moja kwa moja kutoka kazini, kwa bodaboda, mtu anayeziogopa bodaboda! Hakunisalimu. Aliketi kwenye benchi ya wateja na mkoba magotini. Kulikuwa na kijana anayetaka kutolewa fotokopi ya kitambulisho. Ndanu akamngoja aondoke.

"Mama," akasema, "leta wino."

"Wino gani?"

"Mama."

Nikainama nikautoa chini ya bahasha. Ulikuwa bado na risiti. Akautazama, akanitazama, na nilidhani atalia. Badala yake akasimama akafoka mpaka Dedan akapunguza redio.

"Yaani ninyi wawili mmekaa mkaamua maisha yangu! Watu ambao hata hamwezi kutazamana! Yeye ananificha mguu, wewe unanificha wino. Mimi ni nani katika hii familia? Mimi ni stempu?"

Ana haki. Nilimwambia tu kwamba niliogopa kubaki peke yangu, na sikuwahi kulisema hilo kwa sauti, hata baba yake alipokufa. Akaketi tena. Nikamweleza na Jumamosi zangu zote kwenye kiti cha Dedan, huku watu wakipita na magunia yao kwenda Toi. Kisha nikamsikia anacheka chinichini. "Mazoezi ya kwaya," akasema. "Na Mama huwezi hata kuimba." Hilo nimelisamehe kwa kuwa alikuwa na hasira.

Halafu akavuta kiti upande wa pili wa mashine. "Weka wino, Mama. Andika nitakavyokwambia." Nikaandika. Si barua ya kujiuzulu. Ni ombi la likizo ya mwaka mmoja bila malipo, kwa sababu za kifamilia, kiti chake kikingoja. Kumbe sheria ipo, na mimi niliyekaa serikalini miaka yote hiyo nilikuwa nimeisahau, maana nilikuwa nataka kuisahau. "Akipata mkataba nitakwenda mwaka huo mmoja nione," akasema. "Asipopata, arudi nimuuguze huo mguu hapa Dagoretti Corner. Lakini kabla ya yote aende kwa daktari. Mwambie wewe, maana mimi simwongeleshi mpaka Jumapili."

Basi nakwambia: nenda kwa daktari. Barua yenyewe ina mistari mitano, na nilikosea mara tatu. Imekubaliwa leo asubuhi.

Mama Ndanu

*

Poland
14 Juni 2025

Kwa Mama,

KUH: KIFUNDO

Kweli alingoja mpaka Jumapili. Saa mbili na dakika moja asubuhi simu ikalia, tukaongea mpaka betri ikaisha. Sijaongea hivyo na mke wangu tangu nimuoe. Alinigombeza vizuri sana, kwa mpangilio, mwezi kwa mwezi kuanzia Septemba.

Nilikwenda kwa daktari wa timu siku mbili baada ya mechi ya mwisho. Nilimwambia yote, nikamwonyesha bandeji zangu. Akanipiga picha, akakuta kipande cha mfupa kimekatika kinazungukazunguka ndani ya kifundo. Aliniuliza nimechezaje nacho. Nikasema kwa dawa mbili na uongo.

Mkurugenzi aliniita tena. Kahawa ileile, biskuti zilezile. Nilikuwa nimeshajipanga kuaga. Mama, unajua alisema nini? Alisema, "Tulidhani umezeeka. Kumbe ulikuwa mgonjwa tu. Mgonjwa hutibiwa." Miezi tisa nimeficha kitu ambacho kingeniokoa! Wamenifanyia upasuaji tarehe tano, gharama zao. Mkataba ni wa mwaka mmoja, mshahara umepungua kidogo, na nusu ya kwanza nitakuwa nasaidia kufundisha washambuliaji vijana huku napona. Nimewafundisha tayari somo moja. Uwanja mzima sasa unapiga kelele "Nipe!" na hakuna anayejua ni lugha gani.

Narudi nyumbani tarehe 15 Julai kwa magongo, nikae wiki tatu, kisha niwachukue. Mwaka mmoja, Mama. Ndanu ameandika tarehe ya kurudi kwenye kalenda kwa wino mwekundu, na anasema kalenda yenyewe ataiacha kwako.

Baba Kanyiva

*

Dagoretti Corner
24 Julai 2025

Kwa Mama,

KUH: OMBI

Barua hii nampa Dedan mkononi, ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa magongo kutoka hapa hadi dukani kwako. Nimeona ajabu kuandika "Dagoretti Corner" juu yake.

Jumapili tulionana, kama tunavyoweza kusema tulionana. Uliingia kwa Ndanu na sufuria ya muthokoi, yale mahindi na maharagwe yetu, ukaniona kwenye kochi, ukageukia ukuta. Mimi nikatazama viatu, na nina kiatu kimoja tu siku hizi. Ukapita jikoni. Nikasikia unamuuliza Ndanu, "Anakula?" na Ndanu akasema, "Muulize mwenyewe," na ukasema, "Shika adabu." Nilikula sahani tatu ili usikie vijiko.

Mama, nilikuwa na mambo mengi ya kukwambia na mdomo ulikuwa umbali wa mlango mmoja. Nikamuuliza mjomba wangu. Anasema nthoni inaweza kufunguliwa. Nalipa mbuzi na blanketi, wazee wanne wanakaa, wanasema maneno yao, na kuanzia siku hiyo tunaweza kusalimiana kwa mkono na kuketi meza moja. Mbuzi nimeshamwona, yuko Dagoretti, ni mweupe na ana kiburi. Tunaweza kumaliza kabla hatujasafiri. Jumamosi ijayo ningekuja dukani, tuketi viti viwili kwa Dedan, tutazame mpira pamoja kama watu.

Naomba ukubali.

Baba Kanyiva

*

Adams Arcade
1 Agosti 2025

Kwa Baba Kanyiva,

KUH: MBUZI

Nimelifikiria ombi lako wiki nzima. Jibu ni hapana, na usinune mpaka umalize kusoma.

Nina wakwe watatu. Wale wengine wawili wanatoka makabila yasiyo na nthoni, wananipigia simu kila wiki. "Sasa Mum, habari ya huko?" Nzuri. "Mvua imenyesha?" Kidogo. "Haya basi Mum." Ni vijana wazuri, nawapenda, na sijui kitu kimoja kilicho moyoni mwao. Wewe nimekupa mgongo miaka sita, na wewe ndiye uliyeniambia unaogopa kurudi nyumbani. Mimi nami nilikwambia lile la maombi, ambalo sijamwambia hata mchungaji. Unadhani ningeliweza kulisema nikikutazama usoni, tumekaa kwa Dedan na soda? Ningekuuliza habari ya mvua.

Mbuzi mwache na kiburi chake. Blanketi mnunulie Kanyiva, huko ni baridi.

Vijiko nilivisikia. Nilihesabu sahani nikamwambia Ndanu una njaa ya muda mrefu, aongeze maharagwe.

Jumapili nitakuja uwanja wa ndege. Ndanu amenikataza kulia, nami nimemkatalia. Nitamkumbatia, nitambeba Kanyiva mpaka pale askari wanapozuia, kisha nitageuka upande wa ukuta ili wewe upite na magongo yako. Usisimame, usiniage, usikohoe. Pita tu nyuma yangu. Hatua zako nazijua kuliko daktari wako, na nikisikia mguu wa kulia haukanyagi sawasawa, barua itakutangulia Poland.

Mama Ndanu